Wanafunzi wa sheria wafundishwe Kilwa, si namna ya kuvaa toga tu

LUBUMBASHI. Anayetoka katikati ya mji na kushika barabara ya Kasapa anafika mahali pawili penye sifa: kampasi kubwa ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Unilu, na gereza kuu la Kasapa. Taksi-basi moja inabeba watu wa pande zote mbili. Mwanafunzi wa sheria amekaa na vitabu vyake juu ya magoti. Pembeni yake mama ameshika bakuli la bukari lililofungwa kitambaa, anampelekea mtoto wake aliyefungwa. Kila mmoja anashuka kwake. Mwanafunzi anaweza kupita njia hiyo miaka mitano bila kumuuliza mama yule hata siku moja: mtoto wako ana avoka?

Swali hilo dogo ndilo deontolojia, na mambo mengine yanakuja nyuma yake. Lakini mwanafunzi anayemaliza lisansi ya sheria leo anajua kueleza tofauti ya mkataba huu na ule, anajua tarehe za sheria za Wabelgiji, na swali hilo hajawahi kuulizwa katika mtihani.

Somo la deontolojia lipo, hakuna anayesema halipo. Linakuja mwishoni mwa masomo, wakati akili ya mwanafunzi iko kwenye memwari yake na kwenye deni la minerval. Linapita haraka. Na likifundishwa, mara nyingi linafundishwa kama kitabu cha adabu njema: toga iwe safi, avoka asijitangaze kama muuza simu, amsalimie batonie kabla ya kupleda katika mji ambao si wake, asimchukulie mwenzake mteja bila kujua kama mwenzake amelipwa, amwite avoka mwingine ndugu. Haya yana maana yake. Mahakama bila adabu inageuka soko. Lakini angalia vizuri orodha hiyo: karibu yote ni mambo ya maavoka kati yao wenyewe. Mama wa bakuli anatokea sehemu moja tu, pale kwenye habari ya honorari, na anatokea kama mtu wa kulipa.

Fikiria mama aliyekimbia upande wa Mitwaba, ile pembe tatu ya Manono, Mitwaba na Pweto ambayo watu waliipa jina la pembe tatu ya kifo. Amefika Lubumbashi na watoto wanne, amepanga chumba katika komini Annexe. Karte yake ya uchaguzi ilibaki katika nyumba iliyochomwa. Kijana wake wa miaka kumi na sita amekamatwa sokoni pamoja na wengine. Mama anakwenda parke. Mlangoni anakutana na bwana mwenye koti na faili chini ya kwapa, anayemwambia: «Mama, usilie, mimi ndiye nitakusukumia dosie.» Ni avoka? Ni defanseri judisieri? Au ni mtu wa barabarani tu, anayejua majina ya makarani? Mama hajui. Anatoa dola ishirini alizokopa. Hapewi risiti. Kesho yake bwana anaomba tena kidogo, kwa ajili ya wale wa ndani, yale ambayo nchi nzima inayaita madesu ya bana. Siku ya tatu simu yake imezimwa.

Avoka wa kweli watasema: yule hakuwa mmoja wetu. Pengine ni kweli. Lakini kwa nini mlango wa parke umejaa watu kama yule, na avoka wa kweli anapita pale kila asubuhi, anawaona, anawajua, na anaingia ndani? Na mbaya zaidi: mara ngapi bwana yule ni avoka wa kweli, mwenye kiapo, mwenye jina kwenye orodha ya chama? Watu wa kartie wanajua jibu. Chama cha maavoka nacho kinajua, maana malalamiko yanaandikwa.

Sheria yenyewe haina pengo kubwa kama watu wanavyofikiri. Ordonansi-sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 ndiyo inayopanga kazi ya avoka katika Kongo mpaka leo. Inamweka avoka mgeni chini ya mkubwa wake kwa muda wa staji, inaweka batonie na baraza lake, na inatoa adhabu kuanzia onyo na karipio, kusimamishwa kazi, mpaka kufutwa kabisa kwenye orodha. Inalitaka baraza hilo pia liweke ofisi ya ushauri wa bure kwa wasio na uwezo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 19, inasema kila mtu ana haki ya kusaidiwa na mtetezi anayemchagua, kuanzia uchunguzi wa polisi. Kifungu cha 18 kinasema mtu asishikwe na polisi zaidi ya saa 48, na kwamba aambiwe mara moja, katika lugha anayoelewa, kwa nini amekamatwa.

Kwa hiyo karatasi zipo. Kilichokosekana ni kijana wa miaka ishirini na mitano ambaye, siku anapoombwa afanye ubaya, anautambua kwamba ni ubaya, na amekwisha kufikiri mbele atajibu nini. Hilo halipatikani kwa kukariri vifungu. Linapatikana kwa kusoma dosie za kweli. Na Katanga ina dosie ambazo vyuo vya nchi nyingine vingezitafuta kwa mwenge.

Ya kwanza ni Kilwa.

Tarehe 14 Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa, mji wa wavuvi kando ya Ziwa Moero. Umbali wa kilomita kama hamsini ulikuwako mgodi wa Dikulushi, wa shaba na fedha, uliochimbwa na kampuni ya Anvil Mining. Watu wengi wa Kilwa walikimbia, wengine wakavuka ziwa kwenda Zambia. Kesho yake jeshi la taifa, brigedi ya 62 chini ya Kanali Ademar Ilunga, likauchukua mji. Kilichofuata kiliandikwa na wachunguzi wa MONUC: watu zaidi ya 70 walikufa, na kati yao wako waliouawa bila kuhukumiwa. Magari ya kampuni yalibeba askari. Ndege iliyokodiwa na kampuni ilibeba askari. Kampuni ilijibu kwamba vyombo vile vilichukuliwa kwa amri ya serikali na kwamba haikuwa na namna ya kukataa.

Dosie ilifika Lubumbashi. Auditeri wa jeshi, yaani mwendesha mashtaka wa kijeshi, aliomba wanajeshi tisa na wafanyakazi watatu wa kampuni wafikishwe mahakamani. Kesi ilianza Desemba 2006 mbele ya mahakama ya kijeshi ya Katanga. Kabla haijaisha, auditeri yule akaitwa Kinshasa na kuhamishiwa kazi nyingine. Tarehe 28 Juni 2007 mahakama ikasema hakukuwa na mauaji ya raia Kilwa, kwamba waliokufa walikufa katika mapigano. Wote wakaachiliwa kwa habari ya Kilwa. Kanali na wengine walipewa adhabu kwa mambo mengine. Louise Arbour, aliyekuwa mkuu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, alionyesha wazi wasiwasi wake juu ya hukumu ile.

Mwanafunzi wa sheria apewe dosie hiyo na aulizwe maswali ya kazi yake. Avoka wa kampuni alitenda dhambi kwa kuitetea? Hapana. Anayesema ndiyo hajaelewa sheria, na siku atakapokamatwa yeye atafurahi kwamba kuna watu wanaokubali kumtetea mtu anayechukiwa. Lakini swali halikomi hapo. Avoka huyo afanye nini akijua shahidi ametishwa? Afanye nini mteja wake akimwomba azungumze na jaji jioni, mbali na kikao? Ana ruhusa ya kunyamaza wapi, na wapi kunyamaza kunageuka kuwa mkono katika ubaya? Na avoka wa walioumia, ambaye wateja wake wako mbali, barabara mbaya, hawana faranga ya kuja mjini, atapleda kwa jina la watu ambao hajawaona? Akisikia kwamba auditeri amehamishwa katikati ya kesi, ataendelea, atapiga kelele, au atatoka kikaoni? Kila jibu lina hatari yake, na hakuna lililoandikwa katika orodha ya adabu.

Tena dosie ile haikufia Lubumbashi, na hapo ndipo penye somo kubwa kuliko hukumu yenyewe. Watetezi wa haki wa hapa hapa, wa ASADHO Katanga na wa ACIDH, pamoja na RAID ya Uingereza na Global Witness, waliandika yote yaliyopita katika kesi ile. Walihifadhi majina, tarehe, maneno ya mashahidi. Mwaka 2010 walioumia wakapeleka shauri Montréal, Kanada. Mahakama ya kwanza ikakubali kusikiliza, ile ya rufaa ikakataa Januari 2012 kwa sababu ya mamlaka, si kwa sababu ya ukweli wa mambo, na Novemba mwaka ule ule Mahakama Kuu ya Kanada ikakataa kuifungua tena. Mlango ukafungwa. Lakini mwaka 2010 huo huo karatasi zilikwisha kutumwa pia Banjul, kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na za Watu. Uamuzi ukatangazwa mwaka 2017: serikali ya Kongo ilikosa, ilipe dola milioni mbili na nusu kwa watu wanane waliotajwa na familia zao, ifungue tena uchunguzi, iombe radhi. Watu wa Kilwa waliendelea kudai fedha hizo miaka baada ya uamuzi.

Miaka kumi na mitatu tangu risasi mpaka uamuzi. Nani alibeba dosie hiyo? Watu wanaojua kwamba mteja maskini ni mteja. Kuna nidhamu ya kazi pale ambayo haina uhusiano na toga: kuandika tarehe, kutopoteza karatasi, kumrudia mjane na kumwambia habari mbaya badala ya kuzima simu. Kijana anayetoka chuo bila kujua hadithi hiyo, iliyotokea katika mkoa wake mwenyewe, amefundishwa deontolojia gani?

Dosie ya pili ni ya jaji, maana wanafunzi wa sheria hawatakuwa maavoka wote. Wengine watavaa toga ya jaji, na mahali pale shinikizo ni zito zaidi.

Juni 2016, tribinale ya amani hapa Lubumbashi ilimhukumu Moïse Katumbi kifungo cha miaka mitatu, akiwa hayuko nchini, katika mgogoro wa jengo kati yake na raia wa Ugiriki. Gavana huyo wa zamani alikuwa amekwisha kutangaza kwamba anataka kugombea urais. Mwezi uliofuata ikatoka barua ya Chantal Ramazani Wazuri, jaji aliyeongoza tribinale ile. Alisema alilazimishwa kutia sahihi, kwamba watu wa usalama wa taifa walimsimamia. Serikali ya wakati ule ilikanusha. Jaji akaenda uhamishoni. Aprili 2019 Mahakama ya Kasasyo ikaivunja hukumu ile, na mwezi wa tano Katumbi akarudi Lubumbashi, mji ukajaa barabarani.

Watu walizungumza sana juu ya mwanasiasa. Juu ya jaji walizungumza kidogo. Wapenzi wa upande huu walimwita shujaa, wa upande ule wakamwita mwongo aliyenunuliwa, na baada ya wiki mbili wakamsahau. Lakini kwa mwanafunzi wa sheria, yeye ndiye wa kuangaliwa. Kwa maneno yake mwenyewe, alitia sahihi kwanza, akasema baadaye. Kifungu cha 150 cha Katiba kinasema jaji yuko chini ya sheria tu. Je, kifungu hicho kinamwambia nini mwanamke aliye peke yake chumbani, mbele ya karatasi iliyokwisha kuandikwa na watu wasiotoka mpaka aandike jina lake? Akikataa, nani atamlinda usiku ule? Akikubali, ana wajibu wa kusema lini, na kwa nani? Kusema baadaye kunafuta sahihi? Kuna profesa atakayesema haya ni siasa, hayaingii darasani. Profesa huyo anawaandaa vijana kwa nchi isiyokuwepo.

Nao wanafunzi wenyewe wana kisingizio chao, kinachosikika katika kila nganda karibu na kampasi: «Deontolojia ni ya mtu aliyeshiba.» Staji ya avoka kijana inajulikana. Anabeba faili za metre mkubwa, anapanda jua kutoka tribinale moja mpaka nyingine, na mwisho wa mwezi anapewa pesa ya transporte, au hapewi. Ana kodi ya nyumba, ana wadogo zake. Mteja akimwekea dola hamsini mkononi ili «azungumze» na karani, nani atamhukumu?

Kisingizio hicho kina ukweli ndani yake, na mapatrona wasiowalipa wastajiere wao wasijifiche nyuma ya toga. Mkubwa anayemfanyisha kijana kazi mwaka mzima bila kumlipa, halafu anapanda jukwaani siku ya kuanza mwaka wa mahakama kusema juu ya heshima ya kazi, yeye ndiye mwalimu wa kwanza wa rushwa. Lakini njaa haielezi yote. Wale wanaouza kiwanja kimoja mara mbili kwa karatasi zilizopigwa mihuri si wenye njaa. Wanaotumia dosie za kampuni za migodi kununua magari ya vioo vyeusi hawakosi bukari. Na walio na njaa kweli kweli, wale wa Annexe na wa kambi za waliohama, ndio wanaolipa dola ishirini za mlangoni.

Wengine wanasema moyo haufundishwi: mtu amezaliwa mwema au mwizi, chuo hakiwezi kitu. Hilo nalo linasikika kama hekima. Basi udaktari nao usifundishe kuosha mikono. Nchini Marekani, kashfa ya Watergate ilipowafichua watu wa Rais Nixon, aibu iliyowashika wengi ilikuwa kwamba wakosaji wakubwa walikuwa wanasheria, waliosoma vyuo vikubwa. Mwaka 1974 chama cha maavoka cha nchi ile kikazilazimisha shule za sheria kufundisha wajibu wa kazi kama somo la lazima. Haikuwafanya kuwa malaika. Lakini tangu wakati ule hakuna anayeweza kusema hakuambiwa. Tanzania, kwa sheria ya mwaka 2007, iliunda Shule ya Sheria ambayo anayetaka kuwa wakili anapita baada ya digrii, ajifunze kazi kabla ya kuachiwa wateja. Hapa kijana anaachiwa wateja, halafu anaambiwa ajifunze juu yao.

Kuna jambo moja linalosahauliwa hata na wanaopenda haki: lugha. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa katika Katiba, kifungu cha kwanza. Mfungwa ana haki ya kuelezwa kosa lake katika lugha anayoelewa. Lakini sheria inafundishwa Kifaransa, mtihani Kifaransa, toga Kifaransa. Siku ya kikao mama anasimama nyuma ya baa, anasikia jina lake mara tatu katikati ya maneno asiyoyajua, na anapouliza «Metre, wamesema nini?» anajibiwa «Mama, imeahirishwa» huku metre akiangalia simu. Imeahirishwa kwa nini? Mpaka lini? Alipledewa nini? Avoka asiyeweza kumweleza mteja wake dosie kwa Kiswahili cha Lubumbashi, maneno kumi rahisi, si kwamba amekosa lugha. Amekosa wajibu wake. Na hilo linaweza kupimwa kwa mtihani, tena kwa urahisi: mwanafunzi asimame mbele ya mama wa soko, amweleze detansyo ya muda ni nini. Mama ndiye atoe pointi.

Darasa la namna hiyo halihitaji dola za wafadhili. Linahitaji fakalti ikubali kwamba somo la deontolojia lianze mwaka wa kwanza, si mwisho. Kwamba sehemu yake ifanyike nje, katika ofisi ya ushauri wa bure, chini ya macho ya avoka anayeheshimiwa. Na kwamba kila mwanafunzi afuate dosie moja ya mtu asiye na faranga tangu mwanzo mpaka mwisho, hata ikiwa ni dosie ndogo ya cheti cha mtoto.

Dosie ya cheti si ndogo, tena. Sheria ya familia, kama ilivyorekebishwa mwaka 2016, inataka mtoto aandikishwe ndani ya siku 90. Aliyezaliwa porini wakati wa kukimbia, nani alimwandikisha? Siku zikipita, inahitajika hukumu ya tribinale ili cheti kitoke. Familia zilizohama zina watoto wengi wa namna hiyo. Bila cheti, kesho hawa ndio wataambiwa si wa hapa, katika mkoa ambao mwaka 1992 na 1993 uliona treni zikijaa Wakasai waliofukuzwa Likasi na Kolwezi. Wanafunzi ishirini wakikaa miezi mitatu na makaratasi hayo, wataona jinsi karani anavyoomba «kitu kidogo», wataona uso wa mzazi anayerudishwa mara ya nne. Watajua pia ugumu wa kukataa kutoa, wakati kutoa kungemaliza kazi leo. Hapo profesa awe na kitu cha kuwafundisha.

Na gereza. Septemba 2020 gereza la Kasapa lilishikwa na ghasia kwa siku kadhaa, na wanawake waliofungwa humo walibakwa na wafungwa wanaume. Wengi waliokuwa ndani walikuwa bado hawajahukumiwa. Mahali pale kila mfungwa asiyehukumiwa ana dosie mahali fulani, juu ya meza ya mtu aliyesoma sheria. Kuhesabu dosie hizo, kujua ipi imepita muda, kumwandikia jaji barua ya heshima na ya ukali, ni kazi ambayo wanafunzi wa mwaka wa nne wanaweza kuifanya kwa kalamu na daftari.

Wakati wakubwa wa fakalti wakifikiri, familia zilizohama zisikae kungoja. Anayekutana na mtu anayejiita avoka amwulize jina lake kamili na kabine yake, kisha aulize katika ofisi ya batonie kama jina hilo liko kwenye orodha. Ni haki ya kila mtu kuuliza, na kuuliza hakulipiwi. Defanseri judisieri naye ni mtetezi halali, lakini ana utaratibu wake tofauti na wa maavoka, basi aseme wazi yeye ni nani. Kila faranga inayotoka iandikiwe karatasi: tarehe, kiasi, ya kazi gani, sahihi. Asiyetaka kuandika amekwisha kujibu. Siri ya mteja inalindwa na sheria ya adhabu yenyewe, kwa hiyo avoka anayesimulia mambo ya nyumba ya mtu katika nganda anaweza kushtakiwa. Na karatasi za mteja, cheti, picha, fishi ya kiwanja, zinabaki mali ya mteja: mpe kopi, shika orijinali.

Aliyekwisha kuibiwa aandike barua kwa batonie. Haihitaji Kifaransa kizuri. Aweke jina lake, jina la avoka, siku walipokutana, pesa iliyotolewa, kilichoahidiwa na kisichofanyika, na majina ya waliokuwepo. Afanye kopi mbili na aombe muhuri wa kupokelewa juu ya kopi anayobaki nayo. Kopi bila muhuri ni karatasi ya kufungia karanga.